Kisanduku cha Saa

Fomu inauliza: umekaa na wagonjwa saa ngapi?
Kisanduku ni kidogo, kinapokea tarakimu nne tu.

Naitwa Youa Thao, mwaka wa tatu, biolojia,
Duluth, mji uliojibandika ubavuni mwa kilima
juu ya ziwa lisilo na chumvi wala huruma.
Ni Februari. Ziwa limeganda hadi kwenye mnara wa taa,
nami nimeganda mbele ya kisanduku.

Nianzie wapi kuhesabu?

Nianze na Jumanne na Alhamisi, zamu ya usiku,
nyumba ya wazee nyuma ya reli,
chumba cha kumi na nne, Bwana Halvard Ostby,
aliyepakia madini ya chuma melini miaka thelathini na mmoja
na sasa kijiko kinamshinda.
Nimejifunza kumgeuza bila kumvuta:
mkono mmoja begani, mmoja kiunoni, halafu usubiri.
Kusubiri huko hakumo katika kitabu chochote nilichonunua.
Ngozi ya mgongo wake ni nyepesi kama ganda la kitunguu;
ukiharakisha, inachanika.
Ananiita Karin. Karin ni binti yake, yuko Arizona.
Wiki za kwanza nilimsahihisha.
Siku hizi naitika.

Hizo ni saa mia sita na kumi na mbili.
Msimamizi ametia sahihi.

Kemia ya kaboni haina kisanduku chake.
Muhula wa kwanza ilinibwaga chali:
nilipata D, nikaikunja karatasi mara sita,
nikaitia kiatuni niikanyage kabla haijanikanyaga.
Nikarudia. Nikachora pete za kaboni
kwenye ukungu wa kioo cha bafu,
kwenye risiti za duka, kiganjani,
hadi Bronwyn, tunayelala naye chumba kimoja,
akaniuliza kama nimeingia dini mpya.
Nikapata B. Dakta Pelkey, mshauri wetu,
akavua miwani, akashusha pumzi:
"Inatosha kubisha hodi. Haitoshi kufunguliwa."
Nikamwambia kubisha nimezoea.

Na zile nyingine nizitie wapi?
Nilikuwa na miaka tisa, hospitali moja ya Saint Paul,
miguu yangu haifiki sakafuni,
daktari akiongea na bibi kupitia mdomo wangu.
Akasema: figo. Sikujua figo kwa Kihmong.
Nikasema: bibi, vile vitu viwili kama maharagwe
vinavyokuchujia maji, vimechoka.
Bibi akacheka. "Mwambie hata mimi nimechoka,
na bado naamka."
Nikatafsiri. Daktari hakucheka.
Aliandika kitu kwenye faili. Mpaka leo sikijui,
na huenda ndicho kilichonileta huku:
nataka kukisoma.

Usiku ule mganga wetu alikuja na njuga na jogoo,
akaiita roho ya bibi irudi kutoka ilikopotelea.
Asubuhi tukampeleka akasafishwe damu kwa mashine.
Bibi hakuona ugomvi wowote hapo.
Mfa maji, alisema, haulizi kamba kaisokota nani.

Miaka minne, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara,
mimi na daftari langu la hesabu kando ya kiti chake.
Elfu mbili, mia nne tisini na sita.
Tarakimu nne. Zingeenea barabara.
Ila chini kabisa, kwa herufi za chungu na sisimizi,
maelekezo yanasema: usijumuishe jamaa.

Naandika 612.
Saa tano usiku nafunga kompyuta, navaa viatu vya theluji.
Chumba cha kumi na nne taa inawaka.
"Karin," anasema, "meli imeingia?"
"Bado," namwambia. "Barafu."
Anaridhika, kama mtu aliyepewa jibu la kitaalamu.
Mkono mmoja begani, mmoja kiunoni.
Nasubiri.